Namna ya Kumfuga Chatu wa Kijani wa Mitini

Chatu wa kijani wa mitini, ambaye jina lake la kisayansi ni Morelia viridis, ni nyoka wa misitu ya mvua ya kisiwa cha Guinea Mpya, wa visiwa vidogo vilivyo jirani nacho kama Aru na Biak, na wa sehemu ndogo ya rasi ya Cape York iliyo kaskazini mwa Australia. Hana sumu. Akikomaa huwa na urefu wa mita 1.2 hadi 1.8, kichwa kikubwa kinachotengana waziwazi na shingo, na ngozi ya kijani kibichi ambayo mara nyingi hupambwa na magamba machache meupe, ya manjano au ya buluu. Mchana hujikunja juu ya tawi la mlalo, mapindo ya mwili yakining'inia pande zote mbili na kichwa kikiwa kimelazwa katikati, na anaweza kukaa hivyo saa nyingi bila kuhama. Asichanganywe na boa zumaridi wa Amerika Kusini, Corallus caninus, anayefanana naye ajabu kwa rangi na kwa mkao ingawa hawana undugu wa karibu. Boa huyo huzaa watoto hai, ilhali chatu wetu hutaga mayai.

Uzuri huo ndio unaowavuta watu wengi, na hapo hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu mtu humtafuta nyoka kwa ajili ya kumtazama kisha baada ya siku chache hutamani kumshika. Chatu wa kijani si mnyama wa kushikwashikwa. Mfugaji wake mzuri hutumia sehemu kubwa ya juhudi zake kuyajenga na kuyatunza makazi, na sehemu ndogo sana kumgusa mnyama mwenyewe. Maelekezo yote yanayofuata yamejengwa juu ya msimamo huo, na msomaji anayeona kwamba hawezi kuukubali atafanya vyema zaidi kuchagua nyoka wa aina nyingine anayevumilia mikono ya watu.

Maisha yake porini, na mfugaji ajifunze nini humo

Watoto wa chatu huyu huanguliwa wakiwa wa manjano au wekundu wa rangi ya matofali, na hugeuka kuwa wa kijani baadaye, wengi wao katika mwaka wa kwanza au muda mfupi baada yake. Watafiti waliowafuatilia nyoka hawa katika msitu wa Iron Range, huko Cape York, waligundua kwamba mabadiliko hayo ya rangi yanaendana na mabadiliko ya maisha yote ya mnyama. Watoto huishi kwenye kingo za msitu na kwenye nafasi zinazopenya mwanga, ambako huwinda mchana mijusi wadogo na wadudu. Wanapofikia urefu wa karibu sentimita 55 hugeuka rangi, huhamia ndani ya msitu uliofunga, na huanza kuwinda usiku, windo lao kuu likiwa panya. Manjano na wekundu humficha mtoto miongoni mwa majani makavu na mwanga uliotawanyika, na kijani humficha mkubwa miongoni mwa majani mabichi.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba chatu huyu huishi kwa kula ndege, kwa sababu meno yake ya mbele ni marefu na makazi yake ni mitini. Uchunguzi wa vyakula vilivyokutwa matumboni mwao ulionyesha vingine: panya ndio wengi, na ndege hupatikana mara mojamoja tu. Jambo hili lina manufaa kwa mfugaji, maana panya ni chakula kinachomtosha maisha yake yote na hakuna haja ya kumtafutia vifaranga kila mara.

Jambo la pili la kuzingatia ni namna anavyowinda. Giza linapoingia, chatu hushuka kutoka mahali pake pa kupumzikia hadi kwenye shina jembamba au mmea mtambaazi ulio karibu na ardhi, hujishikiza kwa mkia, huning'iniza sehemu ya mbele ya mwili, na kungoja windo lipite chini yake. Vishimo vilivyo kwenye magamba ya midomo yake huhisi joto la mnyama hata katika giza kamili, na watoto huchezesha ncha ya mkia kama mnyoo ili kuwavuta mijusi. Kwa hiyo mnyama huyu anahitaji mahali pa juu pa kupumzikia mchana na mahali pa chini pa kuvizia usiku, tena katika kizimba kimoja. Kizimba chenye tawi moja tu lililowekwa juu kabisa humnyima nusu ya maisha yake.

Kumpata nyoka kwa njia halali

Kabla ya kununua chochote, mfugaji achunguze sheria ya nchi yake. Chatu wa kijani yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake ni kwamba hawezi kuvuka mipaka ya nchi kihalali bila vibali, na baada ya hapo nchi nyingi zina leseni zake za kufugia nyoka majumbani. Nyaraka za asili ya mnyama zihifadhiwe kwa muda wote atakaoishi, na muda huo si mfupi, kwani chatu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20 na hata kupita hapo.

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Nyoka wengi wanaouzwa duniani kwa jina la kuzalishwa shambani huwa wametolewa msituni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu biashara ya chatu wa kijani kutoka Indonesia ulikadiria kwamba angalau asilimia 80 ya waliosafirishwa kila mwaka kama mazao ya mashamba ya kuzalishia walikuwa wamekamatwa porini, na kwamba katika maeneo yaliyovunwa sana idadi yao ilikuwa imepungua. Anayemnunua nyoka wa namna hiyo huugharamia uvunaji huo, na yeye mwenyewe hupata hasara, kwa kuwa mnyama aliyekamatwa msituni hufika akiwa na minyoo, upungufu wa maji na hofu inayomfanya akatae chakula.

Njia iliyo salama ni kununua kwa mzalishaji anayeweza kumwonyesha mnunuzi wazazi wa nyoka, tarehe ya kuanguliwa, na daftari la milo yake. Swali la daftari hilo ni muhimu kuliko swali la rangi. Kwa mfugaji wa mara ya kwanza, ninashauri anunuliwe nyoka aliyekwisha kutimiza mwaka mmoja au zaidi, anayekula panya waliokufa bila kubembelezwa, kwa sababu watoto waliotoka kwenye yai juzijuzi ni dhaifu, huchagua chakula, na kosa dogo la joto au maji huwaua upesi.

Anapokaguliwa, nyoka mwenye afya huwa amelishika tawi kwa nguvu na mkia wake. Macho yake ni maangavu, mdomo umefungwa barabara, hakuna mapovu puani wala mate mazito kwenye kingo za midomo, na uti wa mgongo ni laini bila kinundu wala pindo kali, hasa karibu na mkia. Mapindo ya mkiani mara nyingi ni majeraha yaliyoachwa na mtu aliyemvuta mtoto kwa nguvu kutoka tawini au aliyemfinya mkia ili kutambua jinsia yake. Muuzaji anayejisifu kwamba amewapima jinsia watoto wachanga aachwe na nyoka wake.

Wauzaji hupenda pia kutaja kisiwa au eneo la asili: wa Aru wana mstari wa magamba meupe uti wa mgongoni, wa Biak hubaki na madoa mengi ya manjano hata wakiwa wakubwa. Tangu mwaka 2020 baadhi ya wanasayansi wanawatenga wale wa kaskazini mwa milima ya kati ya Guinea Mpya kuwa spishi nyingine, Morelia azurea. Utunzaji hautofautiani kwa kiasi cha kumtia wasiwasi mfugaji, ila wasichanganywe katika kuzalisha.

Kizimba na vitawi

Chatu mkubwa mmoja hutoshewa na kizimba chenye upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Wengi hudhani kwamba nyoka wa mitini anahitaji kizimba kirefu cha kwenda juu, lakini yeye hupumzika kwenye matawi ya mlalo na huhitaji nafasi ya kutoka mahali penye joto kwenda mahali penye ubaridi kwa mwendo wa ubavuni, kwa hiyo upana humfaa kuliko kimo. Mtoto awekwe kwenye boksi dogo la plastiki lenye matundu ya hewa, la upana wa sentimita 30 hivi, kwa sababu katika nafasi kubwa hujihisi yuko wazi, hufadhaika na huacha kula. Kila nyoka akae peke yake, wakati wote, isipokuwa katika siku za kupandishwa.

Kuta za plastiki ngumu au za mbao zilizopakwa rangi isiyopitisha maji huhifadhi joto na unyevu kuliko kuta za kioo, na uso wa mbele uwe wa kioo ili nyoka aonekane bila kufunguliwa. Mlango wa mbele ni bora kuliko wa juu, maana mkono unaotoka juu hufanana na mwewe machoni pa mnyama aliyezoea kuwindwa kutoka juu. Matundu ya hewa yawe pande mbili zinazotazamana, moja chini na moja juu, ili hewa nzito isilale ndani.

Vitawi ndivyo samani pekee ambazo mnyama huyu anazitumia kila saa ya maisha yake, na ni ajabu jinsi vinavyopuuzwa. Viwe vya mlalo kabisa au vyenye mwinamo mdogo sana. Unene wa kila kimoja ulingane na unene wa mwili wa nyoka pale anapokuwa mnene zaidi, au upungue kidogo, na ni vizuri viwepo vya unene tofauti ili misuli isikae katika mkao mmoja. Kimoja kiwekwe chini ya chanzo cha joto, kingine upande wa baridi kwa kimo kilekile ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya kuwa juu na kuwa na joto analolihitaji, na cha tatu kiwe chini, sentimita 15 au 20 kutoka sakafuni, kwa ajili ya kuvizia usiku. Mbao ngumu iliyoondolewa magome makali inafaa, na bomba la plastiki lililokwaruzwa kwa msasa linafaa vilevile na husafishika kwa urahisi.

Kila kitawi kishikiliwe na vikombe au nafasi zilizochongwa kwenye ukuta kiasi kwamba kinaweza kuinuliwa na kutolewa nje bila kufungua skrubu. Mfugaji anayelifanya jambo hili dogo mapema atamhamisha nyoka pamoja na tawi lake kwa miaka yote, pasipo kumgusa, na atakuwa ameondoa sababu kubwa ya majeraha ya uti wa mgongo.

Kwa sakafu, karatasi za kawaida zinatosha kabisa na zina faida ya kuonyesha kinyesi na damu mara moja. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hupendeza na huhifadhi unyevu, ila yanahitaji kubadilishwa kwa wakati. Takataka za mbao za mierezi na misonobari ziepukwe kwa sababu mafuta yake huudhi mapafu ya nyoka. Majani hayapaswi kukosekana: matawi kadhaa ya mimea ya bandia, au mimea hai yenye majani mapana isiyopuliziwa dawa, humpa mnyama mahali pa kujificha akiwa juu ya tawi lake. Nyoka anayejiona amefichika hula vizuri zaidi kuliko anayekaa wazi, na huenda hilo likawa dawa ya kwanza kwa yule anayekataa chakula.

Joto

Joto litoke juu, kwa sababu nyoka huyu hakai chini. Paneli ya joto inayofungwa darini mwa kizimba ndiyo chaguo langu la kwanza, kwani haina sehemu ya moto wa kuunguza na haitoi mwanga usiku. Taa za joto zinaweza kutumika zikiwa nje ya wavu ambao nyoka hawezi kuufikia. Mawe ya umeme ya kupashia joto yasitumike kabisa.

Mchana, tawi lililo chini ya joto liwe na nyuzi 30 au 31 za Selsiasi, na upande wa baridi uwe na nyuzi 26 hadi 27. Usiku joto lishuke hadi nyuzi 24 au 25. Joto la kuzidi nyuzi 33 bila mahali pa kukimbilia ni hatari kwa mnyama wa kivuli cha msituni, na linadhuru haraka kuliko baridi ya usiku mmoja. Kwa sababu hiyo chanzo cha joto kiunganishwe na thamostati, yaani kifaa kinachokizima na kukiwasha chenyewe kinapofikia kiwango kilichowekwa, na kihisio chake kifungwe imara kwenye kimo cha tawi. Kihisio kilichoanguka sakafuni husoma baridi isiyokuwepo juu, na kifaa huendelea kupasha joto hadi nyoka afe. Vipimajoto viwili huru, kimoja kila upande, vitamwonyesha mfugaji ukweli pale ambapo thamostati imekosea.

Taa ya kawaida iwake kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12. Kuhusu taa zinazotoa miale kama ya jua, wafugaji wengi wamewafuga na kuwazalisha chatu hawa bila taa hizo. Anayependa kuziweka aweke za nguvu ndogo na kivuli cha kutosha.

Kizimba kikishakamilika kiendeshwe kitupu kwa muda wa wiki moja au mbili, vipimo vikiandikwa asubuhi, adhuhuri na usiku. Nyoka aingie baada ya vipimo kutulia.

Maji na unyevu

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea, na makosa huenda pande zote mbili. Mtu husikia neno msitu wa mvua akadhani kwamba kizimba kinapaswa kuwa kimelowa saa zote. Msituni mvua hunyesha kwa wingi, kisha majani ya juu hukauka kwa upepo na joto kabla ya mvua nyingine. Chatu huyu huishi huko juu, kwenye mzunguko wa kulowa na kukauka, na mzunguko huo ndio unaopaswa kuigwa. Kizimba kilicholowa daima huzalisha ukungu na bakteria, na nyoka hupata malengelenge ya kahawia kwenye magamba ya tumbo na ugonjwa wa mapafu. Kizimba kikavu daima humpunguzia maji mwilini na ngozi yake hushindwa kuvuka.

Utaratibu unaofaa ni kunyunyiza maji safi ya uvuguvugu jioni, muda mfupi kabla ya taa kuzimwa, mpaka majani, kuta na nyoka mwenyewe wapate matone. Unyevuanga utapanda hadi asilimia 80 au 90. Uachwe ushuke polepole usiku kucha na kutwa inayofuata hadi asilimia 50 au 60 kabla ya mnyunyizo mwingine. Ikiwa kuta bado zinachuruzika maji ifikapo adhuhuri, matundu ya hewa hayatoshi au maji yanayonyunyizwa yamezidi. Ikiwa kipimaunyevu kimeshuka chini ya asilimia 50 saa chache tu baada ya kunyunyiza, matundu yamezidi na sehemu yake izibwe. Hakuna idadi ya minyunyizo inayofaa kila nyumba, kwani hewa ya chumba hubadilika kwa majira, na mfugaji afuate kipimo badala ya kufuata kalenda.

Usiku wa mnyunyizo ndio wakati mzuri wa kumwona akinywa. Nyoka wengi wa aina hii hunywa matone yaliyokusanyika kwenye mapindo ya miili yao wenyewe, kwa utulivu na kwa dakika nyingi, na anayekesha kidogo kuwatazama hujifunza mengi kuhusu afya zao. Hata hivyo bakuli la maji ni lazima liwepo. Likitundikwa karibu na kimo cha tawi hutumika zaidi kuliko likiwa sakafuni. Libadilishwe kila siku au kila siku mbili na lisuguliwe, si kujazwa tena tu.

Dalili za upungufu wa maji ni mikunjo ya ngozi ubavuni isiyonyooka na mabaki ya mkojo yaliyokauka. Mabaki hayo kwa kawaida ni meupe na laini; yakiwa ya rangi ya machungwa, magumu na yenye changarawe, nyoka hanywi vya kutosha.

Siku chache kabla ya kuvua gamba, rangi hufifia na macho huwa na ukungu wa buluu, kisha ukungu huondoka na ngozi huvuka baada ya siku kadhaa. Katika kipindi hiki minyunyizo iongezwe kidogo na chakula kisitolewe. Gamba likishatoka lichunguzwe kama limekamilika, hasa vifuniko vya macho na ncha ya mkia. Kipande kilichobaki mkiani kilainishwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kilichobaki jichoni kisibanduliwe kwa kucha wala kwa kibano.

Kumlisha

Panya waliokufa na kugandishwa ndio chakula salama. Wayeyushwe, kisha wapashwe joto katika maji ya moto kiasi hadi mwili wao uwe na joto la mnyama hai, kwa kuwa vishimo vya midomoni vinatafuta joto kabla macho hayajatafuta umbo. Panya hai asiachwe kizimbani, maana nyoka asiye na njaa anaweza kutafunwa mgongo akiwa amejikunja tawini.

Mlo utolewe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa koleo ndefu. Panya aletwe taratibu kutoka chini na mbele ya nyoka, kama vile anapita njia yake, asigongeshwe usoni. Nyoka akishadaka, koleo liachilie na mfugaji aondoke. Kwa kipimo, windo lisizidi unene wa mwili wa nyoka. Mtoto hupewa panya mchanga asiyeota manyoya kila baada ya siku 7 hivi, wa mwaka mmoja kila baada ya siku 10, na mkubwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ratiba ya mkubwa huwashangaza wengi, lakini huyu ni mnyama anayetumia nguvu kidogo sana kwa siku, na aliyenenepeshwa hupata mafuta viunoni, hushindwa kujisaidia, na mara nyingine utumbo hutoka nje kupitia tundu la haja. Madume wakubwa huacha kula kwa wiki nyingi katika majira ya kupandana. Uzito ukibaki imara hakuna la kuhofia.

Mtoto anayekataa chakula asilazimishwe upesi. Kwanza aongezewe majani ya kujifichia, kisha windo liguswe taratibu kwenye mkia wake usiku, na ikishindikana panya mchanga asuguliwe kwa manyoya ya kifaranga ili apate harufu nyingine. Akitapika, apumzishwe wiki 2, halafu apewe windo dogo zaidi, huku joto la tawi likikaguliwa upya.

Baada ya kula asisumbuliwe kwa siku 2 au 3. Kila mlo, kila kinyesi, kila gamba lililovuliwa na uzito wa kila mwezi viandikwe daftarini. Mkubwa anaweza kukaa wiki kadhaa bila kujisaidia kwa sababu ya kukaa bila kujongea. Akionekana kuvimba karibu na mkia, atolewe na tawi lake usiku, anyunyiziwe maji ya uvuguvugu na aachwe atambae kidogo. Mwendo huo mara nyingi hutosha.

Kumhamisha

Njia ya kawaida iwe ya kulitoa tawi pamoja na nyoka aliye juu yake, na ifanyike mchana, kwa kuwa usiku kila kitu chenye joto ni chakula kwake. Pale inapobidi ashuke tawini, mkia wake uguswe kidogo kidogo kwa kidole au kwa fimbo ya ndoano hadi aanze kujifungua mwenyewe, kisha mwili ubebwe sehemu mbili au tatu huku akitambaa kuingia kwenye fimbo. Asivutwe hata kidogo. Watoto walio chini ya mwaka mmoja wasishikwe bila sababu ya tiba.

Anayeng'atwa asiurudishe mkono kwa ghafla, kwa sababu meno yamepinda kuelekea nyuma na kuvuta huchana ngozi ya mtu na huvunja meno ya nyoka. Asubiri, au amwage maji baridi kidogo mdomoni mwa nyoka, naye ataachia. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi.

Magonjwa

Daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa reptilia atafutwe kabla nyoka hajafika nyumbani. Kupumua kwa mdomo wazi, sauti ya kukoroma, mapovu na kichwa kinachoinuliwa juu kwa muda mrefu ni dalili za mapafu, na hazingojwi wiki ijayo. Ute wenye usaha mdomoni ni dalili ya ugonjwa wa fizi. Vidoadoa vyeusi vinavyoelea kwenye bakuli la maji ni utitiri, unaonyonya damu na kueneza maradhi kutoka kizimba hadi kizimba.

Linalopaswa kuogopwa zaidi ni virusi vya nido, ambavyo vimethibitishwa kuua chatu wa kijani kwa kuharibu njia ya hewa na mapafu. Havina tiba wala chanjo, na nyoka anaweza kuvibeba bila dalili yoyote. Kwa hiyo kila mgeni atengwe kwa muda wa miezi 3 katika chumba kingine, akiwa na koleo, bakuli na chupa ya maji vya kwake mwenyewe, ahudumiwe wa mwisho kila siku, na achukuliwe sampuli ya mdomoni kwa kipimo cha PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, mwanzoni na mwishoni mwa kipindi hicho. Gharama ya vipimo viwili ni ndogo ikilinganishwa na kupoteza nyoka wote waliokuwemo.

Kuzalisha

Kazi hii isianzwe na mtu ambaye bado anahangaika na mzunguko wa unyevu. Jike awe na miaka 4 hivi na uzito mzuri usio wa unene. Usiku wa majira ya baridi joto hupunguzwa hadi nyuzi 21 au 22 kwa wiki kadhaa, mchana ukibaki wa kawaida, kisha dume huingizwa kwenye kizimba cha jike. Mayai huwa kati ya 10 na 25, hutagwa ndani ya boksi lililotundikwa kwenye kimo cha matawi, na mama huyazingira kwa mwili wake akitetemesha misuli ili kuyapasha joto, bila kula hadi yaanguliwe. Wapo wanaomwachia mama kazi hiyo na wapo wanaoyahamishia kwenye kiangulio chenye nyuzi 31 hivi. Kwa njia yoyote ile huchukua siku 50 au karibu na hapo. Watoto hutenganishwa mara moja, kila mmoja na boksi lake, na mlo wa kwanza hutolewa baada ya gamba la kwanza kuvuka.